Mtu Mmoja Hapa Anauliza

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na asalamu aleikum. Nimefika salama na pa kukaa nimeshapata. Mwambie mama aache kuniuliza kwenye simu kama nakula. Nakula mpaka wenzangu wananishangaa. Chumba changu kiko ghorofa ya pili, juu ya fundi viatu, kwa hiyo asubuhi naamshwa na nyundo. Kina kitanda, meza, sinki la kunawia na dirisha linalotazama ukuta. Ile chaki yako ya cherehani nimechorea mstari wa kibla sakafuni. Fundi viatu, ambaye ndiye mwenye nyumba, alipouona akaniuliza kama nataka kukata zulia.

Kituoni tuko watu sita wa kujitolea. Kazi yetu ni kuwasaidia wasioona watembee mjini wenyewe: wavuke barabara, wapande ngazi, wafike kazini bila kushikwa mkono. Nachoka, lakini naipenda kuliko nilivyotegemea.

Uliniambia simu ni ya salamu, na masuala ya dini yaandikwe, kwa sababu kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri. Haya, Bi Kwanini wako anaanza. La kwanza: adhuhuri naiswali stoo, katikati ya magunia, kwenye dakika kumi za mapumziko. Inafaa? La pili: udongo unaouzwa dukani kwenye mfuko wa plastiki, ule wa kuoteshea maua, unahesabika kuwa udongo? Hapa kila mahali ni saruji na lami, sioni pa kuchota.

Usinicheke. Nijibu tu.

Mpwa wako


3 Machi

Bi Kwanini,

Marahaba, na aleikum salaam. Huku tu wazima. Mama yako goti linamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Mimi nimezama kwenye sare za shule, mashati mia na ushei, na watoto wa chuo cha Kurani wakija kwangu alasiri wananitazama usoni kwanza, wapime kama nimechoka kiasi cha kuwapa mapumziko. Hawapati.

Nikukaripie kidogo. Umeandika herufi ndogo kama sisimizi kwenye msafara, na wino wenyewe umepauka. Andika kubwa, mwanangu, karatasi hailii.

Stoo inafaa, ilimradi unaposujudu pawe safi. Lakini huo udongo! Nilisema basi, maji hakuna huko, mtoto anatayamamu. Nikamwambia mama yako. Kosa langu. Mama yako akawaambia wanawake wenzake, wanawake wakawaambia waume zao, na Ijumaa imamu akaombwa asome dua ya mvua kwa ajili ya nchi nzima uliyomo. Kama huko kuna mafuriko, mjue ni sisi.

Kisha nikafunga duka nikaenda kwa yule mama muuza miche, mkabala na posta, nikamuuliza udongo wa mfuko una nini ndani. Akanihesabia: mchanga, takataka za mbao, samadi. Nikamuuliza samadi ya nini. Akasema, "Ya chochote kilichokunya, fundi." Nikamshukuru. Sasa wewe unajua kwetu samadi ni najisi. Geuza mfuko wako, usome nyuma.

Na mbona hukusema udongo ni wa nini? Nimekulea miaka yote hiyo, sijawahi kukusikia ukiuliza swali nusu.

Mjomba wako


29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na sare. Mpake mama mafuta ya moto gotini, na umwambie hapa maji yapo mpaka yanamwagika. Mabomba mawili chumbani mwangu, la moto na la baridi. Awaombe msamaha wote waliosoma dua, ingawa wiki mbili zilizopita mvua ilinyesha kweli, na fundi viatu akaanika viatu vya watu ngazini.

Nimegeuza mfuko. Una samadi ya kuku. Imeandikwa mstari wa tatu, tena kwa kujisifu. Nilicheka peke yangu chumbani, kisha sikucheka tena.

Mjomba, mtu mmoja hapa anauliza. Mtu huyo kwa siku hamsini amekuwa akiosha mikono na nguo mara saba, mara moja kwa huo udongo, na kisha anaswali. Sinki limeziba mara mbili, mwenye nyumba amekasirika, ngozi ya vidole imepasuka. Kumbe muda wote alikuwa anajipaka samadi. Sala zake zinakuwaje? Anazilipa zote?

Mtu huyo, tangu aliposoma ule mfuko, hajaswali. Anasema aswalije, wakati hajui kama yu safi au si safi? Nikamwambia mjomba wangu atajua.

Nimeandika kubwa. Unaona?

Mpwa wako


25 Aprili

Bi Kwanini,

Marahaba. Goti la mama yako lina nafuu, sasa anatembea kuja dukani kunisimamia. Sare zimekwisha. Chuo kimepata watoto wapya wanne, na mmoja anauliza maswali kama wewe, Mungu anisaidie.

Nina ujumbe kwa huyo mtu mmoja. Mwambie asiisubiri barua yangu nyingine. Leo hii, adhuhuri ikiingia, atawadhe, aende stoo aswali, hivyo hivyo alivyo. Sala haiachwi kwa sababu mtu ana shaka na mikono yake. Aliyemuumba amemuona akihangaika na sinki. Na za nyuma, mwambie wapo wanazuoni wanaosema asiyejua hana la kulipa, na mimi fundi nimesimama upande wao.

Sasa nina swali langu. Mara saba, moja kwa udongo. Nimefundisha somo hilo miaka thelathini, na huoshwa hivyo kwa jambo moja tu.

Mbwa ana rangi gani?

Nijibu yote, usinizungushe. Fundi hakati kitambaa kabla hajapima. Na kuandika kubwa si huko, bado herufi zinakimbiana.

Mjomba wako


20 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama ngazini, na nilipofika kwenye lile swali nikakaa chini hapo hapo, wateja wa fundi viatu wakawa wananiruka.

Ni mweusi, ana doa la kahawia juu ya kila jicho. Wenzangu wana jina lao kwa ajili yake, mimi namwita Afisa, kwa sababu anatembea kama anakwenda kukagua ofisi.

Nilipoomba kujitolea niliandika nina cheti cha kufundisha wasioona, nikajua nitafundisha kutembea kwa fimbo. Siku ya kwanza mkuu wa kituo, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, akanikabidhi mshipi wa ngozi na mwisho wake mbwa. Nilitaka kurudi uwanja wa ndege. Nikasema nitakaa wiki moja. Mjomba, ungeona anavyofanya! Anasimama kwenye kila ukingo wa barabara bila kuambiwa. Anampitisha mtu mbali na mlango wa gari uliofunguliwa, na mbali na tawi linaloning'inia usawa wa kichwa, wakati yeye mwenyewe anapita chini bila shida. Na kubwa zaidi: ukimwamuru avuke na gari linakuja, anakataa. Anakaa kitako. Unavuta, hatoki. Hilo ndilo somo gumu kuliko yote, kumfundisha kukataa amri. Nafunga macho kwa kitambaa na kumwachia maisha yangu mtaani, kila siku, mara mbili. Hajaniangusha hata siku moja.

Lakini ana ulimi, Mjomba. Ananilamba.

Sikukuambia kwa sababu nakumbuka lile bakuli. Nilikuwa na miaka tisa, mbwa wa jirani akaramba bakuli langu la uji, ukanioshesha mara saba huku nalia, na ukasimama juu yangu ukihesabu kwa sauti. Tena mama anasema umewatangazia wateja wote kuwa mpwa wako anafundisha vipofu. Niliogopa uniambie rudi. Bado naogopa. Mkataba wangu ni mpaka Desemba, na Afisa anafanya mtihani Septemba. Lakini ukiniambia sala zangu hazisihi nikiwa na kazi hii, nafunga begi. Siwezi kuishi bila kuswali, hizo wiki zote zimenionyesha. Nilikuwa kama mtu aliyeacha mlango wa nyumba wazi, siku nzima moyo uko huko.

Niliswali adhuhuri siku ile ile. Stoo, katikati ya magunia. Ndiyo, ni magunia ya chakula cha mbwa. Ni kikavu, ni nafaka, nimesoma nyuma.

Sema neno.

Mpwa wako


22 Juni

Bi Kwanini,

Marahaba, marahaba. Nimechelewa kwa sababu swali lako lilinivaa. Nikaenda mpaka kwa sheikh aliyenifundisha mimi. Ana miaka karibu tisini, sikio limebaki moja. Nikampigia kelele habari ya Afisa yote, hadi ile ya kukataa amri. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akataka nirudie pale pa kukaa kitako.

Kisha akaniambia hivi, nami nakuambia wewe. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, hakuna cha kuosha. Hata madhehebu yetu magumu yanakubali. Palipolowa kwa mate, hapo ndipo pa kuosha. Wapo wanaosema sabuni inashika nafasi ya udongo, basi huo mfuko mpe mwenye nyumba apande maua. Na wapo maimamu wakubwa, si wa madhehebu yetu, wanaosema mbwa aliye hai ni safi mwili mzima. Aliyebanwa na kazi ya kuwafaa watu ana ruhusa ya kuwafuata. Sala zako zinasihi. Usifunge begi.

Nikamuuliza mbona miaka yote hiyo nilihesabu moja mpaka saba juu ya kichwa cha mtoto anayelia. Akasema, "Wewe toka zamani unapenda dini iwe ngumu kuliko alivyoileta Mtume mwenyewe." Njia nzima nilikuwa nimenuna. Lakini nilipofika nyumbani nikaona ni kweli, na nakuomba radhi kwa lile bakuli.

Maelezo yake aliyaandika, ila kwa herufi ndogo za kizee, ikabidi mama yako anisomee.

Nimekushonea gauni la kuswalia, jeupe, liwe la sala tu. Liweke mbali na Afisa. Mambo mawili bado yananiwasha: je, anajua taa nyekundu na kijani? Na usiku wa giza anafanyaje?

Mjomba wako


30 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mungu akulipe, wewe na sheikh. Nililia, nikaenda kuosha sinki la watu. Fundi viatu amepanda maua kwenye ule udongo, yameota vizuri kwa samadi yangu.

Afisa hajui rangi za taa. Anasikiliza magari, na kuamua ni kazi ya binadamu aliye naye. Giza halimpi shida. Ameshachaguliwa mtu wa kumwongoza: mama mmoja mpokea simu wa hospitali, mwenye utani, ambaye anasema anataka mbwa asiye na haraka kama wakubwa wake wa kazini.

Gauni limefika. Nimelivaa na sala tano zimelipitia. Lakini, Mjomba, wewe ni fundi ambaye watu hugeuza nguo yako nje ndani kutafuta mshono. Gauni hili ni jeupe na uzi wake ni wa buluu. Pindo zima. Na mkono wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa upana wa vidole vitatu.

Nimetoa barua zako zote nikazipanga mezani. Ya Machi mistari imenyooka. Ya Juni mistari inapandana, maneno mawili umeyaandika juu ya mengine. Herufi zangu hazijawahi kuwa ndogo. Na wino huu ni mweusi, Mjomba, ni mweusi kama Afisa. Ninashinda na watu wasioona, na nimewauliza kila mmoja ilianzaje. Wengi wamenijibu neno moja: walianza kuwagombeza wengine kwa mwandiko mbaya.

Sasa ni zamu yangu kupima kabla ya kukata. Jicho lipi?

Mpwa wako


2 Septemba

Bi Kwanini,

Marahaba. Mvua zimeanza. Mama yako amenunua mwavuli wenye picha za vipepeo, anatembea nao hata jua likiwaka. Chuo kinaendelea vizuri. Uzi wa buluu ni mtindo wa siku hizi, wateja wanaupenda. Msalimie mpokea simu.

Mjomba wako

Nimekwisha kufunga bahasha na nimeifungua tena. Yote mawili. La kushoto ndilo baya. Ni mtoto wa jicho, daktari aliniambia tangu Mei, na akasema hutolewa kwa nusu saa, nirudi nyumbani siku ile ile. Sikumwambia mama yako.

Siogopi kisu. Lakini aliniambia baada ya hapo nisiiname wiki kadhaa, wala nisitie maji usoni. Maana yake niswali nimekaa kwenye kiti. Mimi! Miaka thelathini nawafundisha watoto wagusishe paji la uso chini, nawakaripia wanaofanya nusu nusu, halafu waje wanikute nimekaa kama mgeni wa harusi? Nilimwambia daktari nitafikiria. Nafikiria.


28 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Afisa amefaulu. Kwenye mtihani, mkuu wa kituo alimwamuru avuke, lori likakata kona, akakaa kitako katikati ya watu. Mpokea simu akapiga makofi. Jana waliondoka pamoja, na mimi nikabaki na mshipi mtupu, nalia mbele ya wageni. Alinilamba kwaheri. Niliosha, kwa sabuni, bila kuhesabu kwa sauti.

Mjomba, mtu mmoja hapa anauliza. Ana mjomba wake, fundi na mwalimu, ambaye amepewa ruhusa na Mwenyezi Mungu ya kukaa kwenye kiti, naye hataki kuipokea. Mjomba huyo ndiye aliyemwandikia kwamba sala haiachwi kwa shaka, aswali hivyo hivyo alivyo. Ndiye aliyeambiwa na sheikh wake anapenda dini iwe ngumu. Huyo mtu anauliza: ruhusa ni ya wapwa tu?

Na anaogopa, Mjomba. Siandiki kwa mzaha hapa. Nimewaona watu waliochelewa. Ninarudi tarehe ishirini Desemba, na nitasimama mlangoni kwako nisiseme neno. Nataka uniite jina kabla sijafungua mdomo.

Mpwa wako


9 Novemba

Bi Kwanini,

Marahaba. Mama yako amekwisha kukuambia kwenye simu, najua, hakuna siri inayomshinda kutangaza. Lakini nilimkataza kukusimulia ya chuo, hayo ni yangu.

Jicho la kushoto limefanyiwa upasuaji, wiki tatu sasa. Siku ya kwanza kurudi chuoni nilibeba kiti mwenyewe, nikakiweka mbele, nikawapa mgongo watoto ili nisiwaone wananitazama. Nikaswali alasiri nimekaa, nainamisha kichwa kidogo tu kama alivyoamuru daktari. Nilisikia minong'ono. Nikatoa salamu, nikageuka, uso umenivimba kwa aibu. Yule mtoto wa maswali akanyoosha kidole: "Mwalimu, kwani inaruhusiwa?"

Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Na hapo, mwanangu, sikupata pa kukimbilia. Wiki nzima tumesoma sala ya mgonjwa, sala ya msafiri, ya mtu aliye katikati ya mapigano, ya aliyefungwa. Tumefika mpaka kwa mtu anayefuga mbwa wa kuongoza wasioona. Miaka thelathini sijawahi kufundisha somo hilo, nilikuwa naliruka. Watoto walilipenda kuliko yote. Mmoja ameniambia alikuwa ameacha kuswali nyumbani kwao tangu alipovunjika mguu, akiogopa nitamgombeza. Nilitoka nje kidogo nikajifanya napenga kamasi.

La kulia ni mwezi ujao. Daktari amesema Desemba ishirini nitakuwa nimeshapona vya kutosha kusimama mlangoni.

Jana nilitoa barua zako zote, tangu ya Februari, nikazisoma bila kumwita mama yako. Herufi zako ni kubwa. Zimekuwa kubwa siku zote, na wino ni mweusi. Unisamehe kwa kukukaripia. Kisha nikaenda dukani nikatafuta ule uzi niliokushonea gauni. Nimeushika dirishani muda mrefu. Sijapata kuona buluu nzuri namna ile.

Lile gauni njoo nalo. Mkono wa kulia nitaupunguza vidole vitatu. Uzi tutauacha ulivyo.

Mjomba wako, ambaye anakungoja mlangoni akiwa na jina lako mdomoni